Kalsiamu Inabisha Hodi

Wakubwa shikamooni, vijana, hamjambo. Asubuhi nimepita mwaloni Kibirizi, dagaa wameanikwa, mama mmoja akanionjesha mmoja mkavu. Nimemtafuna mzima, kichwa na mfupa. Mfupa ule ndio mada yetu.

Asilimia 99 ya kalsiamu mwilini imo katika mifupa na meno. Mimi nashangazwa na hiyo chache iliyobaki. Nje ya seli inazidi ya ndani kama mara 10,000, maana seli inaisukuma itoke usiku na mchana. Sasa ikiwa imefungiwa nje, seli inajuaje kwamba imepungua?

Mwaka 1993, huko Boston, Marekani, kundi la watafiti Edward Brown na Steven Hebert lilitenga jeni ya kipokezi cha kalsiamu kutoka kwenye tezi ndogo za shingoni mwa ng'ombe. Kipokezi hicho ni protini iliyopenya utando wa seli: sehemu kubwa iko nje, mkia uko ndani. Kalsiamu ikishikwa kule nje, protini inajikunja umbo jingine na mkia unaamsha kazi ndani. Kalsiamu haikuingia. Imebisha hodi, wenyeji wamesikia.

Nyuma ya tezi ya thairoidi, hapa shingoni, kwa kawaida zipo tezi nne, kila moja kama punje ya mchele. Kalsiamu ya damu ikishuka, kipokezi kinatulia, nazo zinamwaga homoni ya kuichota mifupani na kuizuia isipotelee kwenye mkojo. Upungufu ukidumu, kama kwa baadhi ya wagonjwa wa figo, seli za tezi zinagawanyika na tezi inavimba.

Lakini kipokezi hiki kimo hata kwenye ngozi; tazameni viganja vyenu. Huyo kijana mvuvi pale mbele, inua mkono wenzako waone sugu la kasia. Seli za ngozi zikikuzwa maabara kwenye maji yenye kalsiamu kidogo sana, zinaendelea kugawanyika. Ukiongeza kalsiamu, kwa muda wa saa chache zinashikamana, kisha zinaacha kugawanyika na kuanza kukomaa. Katika ngozi yenyewe, kalsiamu ni kidogo chini na inaongezeka kadiri unavyopanda, hadi karibu na juu. Seli inazaliwa chini, inapanda, inakomaa njiani. Mimi sijaona mpangilio mzuri kuliko huu.

Katika utumbo mpana pia kipokezi hiki kinasaidia kuzuia ukuaji wa seli, na katika saratani nyingi za hapo kimepungua au kimetoweka. Nawasihi, msitoke hapa mkisema dagaa ni dawa ya saratani. Sikusema hivyo.

Binti wa kidato cha tatu ameuliza: asiyekula kalsiamu, ngozi yake itakua bila kukoma? Hapana, mwanangu. Zile tezi nne zitaifidia damu kwanza, nazo zitachota mifupani, kidogo kidogo, miaka na miaka, bila mwenyewe kusikia maumivu.