Uelekezi wa Vitenzi vya Kiingereza Hautafutwi Kwenye Orodha

Ndugu walimu wenzangu,

Jambo hili nimelisema mara nyingi, na leo nalirudia kwa sababu bado tunachora ubaoni safu mbili, moja ya vitenzi elekezi vya Kiingereza, yaani vinavyochukua yambwa (kitu au mtu anayetendwa), na nyingine ya vitenzi sielekezi, visivyoichukua, kisha tunawaamuru wanafunzi wazikariri. Safu hizo zinawapotosha. Vitenzi vingi vya Kiingereza huwa elekezi au sielekezi kulingana na sentensi vilimotumika: "open" kina yambwa katika "She opened the door", hakina katika "The door opened", na umbo lake halikubadilika hata herufi moja.

Hapo ndipo mwanafunzi wetu anapokwama. Kiswahili kimemzoesha kuuona uelekezi ndani ya kitenzi chenyewe, kwa kuwa mtu hufungua mlango lakini mlango hufunguka, na maji huchemka lakini mpishi huyachemsha. Anapokutana na "open" au "boil" hutafuta kiambishi, hakioni, kisha huandika "The door was opened by itself", nasi tunamkata alama bila kumweleza lolote.

Kiambishi cha namna hiyo kiliwahi kuwapo. Lugha za kale za Kijerumaniki, ambako Kiingereza kilichipuka, zilikuwa na kiambishi cha usababishi, yaani cha kuonyesha kwamba mtu anasababisha jambo litokee, na masalia yake ni jozi kama "sit" na "set", "rise" na "raise", "fall" na "fell", hiki cha mwisho kikiwa na maana ya kuangusha, kama mtu aangushavyo mti. Jozi ya "lie" na "lay" huwatatiza hata Waingereza wenyewe, kwa kuwa wakati uliopita wa "lie" ni "lay", sawasawa na umbo la sasa la kile kitenzi elekezi. Kwa hiyo "He lay on the mat" ni sahihi kwa aliyelala mkekani jana, na "He laid the mat" ni sahihi kwa aliyeutandika.

Wapo watakaosema kwamba makosa haya yote ni athari ya Kiswahili. Si yote! "Explain me this" ni athari yetu kweli, kwa sababu tunasema "nieleze", ilhali Kiingereza hudai "explain this to me". Lakini "discuss about" tusikisingizie Kiswahili, maana sisi hujadili suala moja kwa moja. Kosa hilo limechochewa na "talk about" na "discussion about", ambavyo ni Kiingereza kitupu. A. S. Hornby, aliyefundisha Kiingereza Japani, alilielewa tatizo hili: kamusi yake iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942 ilimwonyesha mwanafunzi ruwaza, yaani miundo, za sentensi ambamo kila kitenzi huweza kuingia. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka ifanyike madarasani.

Muda unanibana, kwa hiyo kauli ya kutendwa naigusa tu. "Resemble" kina yambwa, lakini hakigeuzwi kuwa "is resembled by". "Sleep", ambacho safu zetu hukiita sielekezi, hukubali "This bed has been slept in". Kuhusu vitenzi vya yambwa mbili, "give the school books" husemwa, ilhali "donate" hudai "donate books to the school". Hivyo tutavichambua kwa kirefu wakati wa maswali.