Kuchagua Rimu Nyepesi kwa Gari ya Spoti: Kuanzia Mizani hadi Nati ya Mwisho

Assalaamu alaykum watazamaji, karibuni tena uani kwetu. Gari mnayoiona nyuma yangu ni Toyota Altezza RS200, na kazi ya leo ni kuivua rimu zake za inchi 17 ilizokuja nazo kutoka Japani na kuivisha nyengine zilizo nyepesi zaidi. Nitakuonyesheni namna ya kuzichagua kabla ya kutoa fedha, kisha tutazifunga pamoja, kwa sababu rimu iliyochaguliwa vizuri ikafungwa vibaya huwa haina tofauti na ile mbovu.

Kwanza tuelewane kwa nini uzito wa gurudumu unatushughulisha kuliko uzito wa kiti au wa buti. Bodi ya gari hukaa juu ya springi, lakini gurudumu liko chini yake, na kila linapopanda tuta au kuingia shimoni ni lazima springi na shokamzoba zilidhibiti na kulirudisha chini haraka ili tairi isiachane na lami. Gurudumu zito huchelewa kurudi. Zaidi ya hayo, gurudumu haliendi mbele tu, bali linazunguka pia, kwa hiyo injini hulisukuma mara mbili kwa wakati mmoja, na kilo moja iliyopo kwenye ukingo wake, unapoondoa gari au unapofunga breki, huhesabika karibu kama kilo mbili zilizowekwa ndani ya gari. Angalieni neno nililolitumia: ukingo. Kilo iliyo karibu na habu, yaani kile kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake, haina madhara makubwa kama kilo iliyo ukingoni, na ukingoni kabisa ndiko iliko tairi, ambayo mara nyingi uzito wake unalingana na wa rimu yenyewe. Mtu anayenunua rimu nyepesi kwa bei kubwa kisha akazivisha tairi nene na nzito amejirudisha alikotoka.

Hatua ya mwanzo, basi, ni kupima, na msitegemee maneno ya muuzaji. Nilizichukua rimu mbili, ya zamani na mpya, zote zikiwa hazina tairi, nikaenda nazo kwa mzee mmoja anayeuza samaki ambaye ana mizani ya kuning'iniza. Nilimwamkia, nikamwomba ruhusa, naye akaitazama rimu ilivyokuwa ikibembea kwenye ndoana iliyokuwa na magamba ya changu, akaniuliza, "Hii nayo, mwanangu, kilo unauza ngapi?" Ya inchi 17 ilisoma kilo tisa na robo tatu, na ya inchi 16 ilisoma kilo saba kasoro robo. Tofauti ni kilo tatu kwa kila gurudumu, yaani kilo 12 kwa gari nzima, na hakuna kilichonigharimu isipokuwa kuifuta rimu harufu ya samaki.

Sehemu ya kilo hizo tatu imetokana na kushuka inchi moja, na hapa ndipo ninapotofautiana na vijana wengi wa mjini. Wengi wakitaka gari ipendeze hupanda hadi inchi 18, tairi ikawa nyembamba kama mkanda, kisha masika yakipita na mashimo yakifunguka, rimu inapinda mdomo kwa pigo moja. Kwa barabara zetu ushauri wangu ni kushuka, mradi kipenyo cha gurudumu zima kisibadilike sana. Tairi ya asili ya gari hii ni 215/45R17, yaani upana wa milimita 215, ubavu wa asilimia 45 ya upana huo na rimu ya inchi 17, ambayo kipenyo chake ni milimita 625 hivi. Nimeibadilisha kwa 205/55R16, ambayo kipenyo chake ni milimita 632, na tofauti hiyo ya asilimia moja haimpi shida dereva wala spidomita. Faida ya pili ni kwamba ubavu wa tairi umeongezeka kutoka milimita 97 hadi 113, na ubavu huo ndio unaopokea pigo la shimo kabla halijafika kwenye rimu.

Sasa geuzeni rimu mtazame upande wa ndani, kwa sababu habari zote zimeandikwa huku. Kitu cha kwanza ni mduara wa boliti, yaani kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu yote ya boliti. Altezza ina boliti tano kwenye mduara wa milimita 114.3, Subaru Impreza nyingi zina tano kwenye mduara wa 100, na Mazda Roadster za awali zina nne kwenye 100. Ikiwa maandishi yamefutika, chukua rula upime kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la jirani: kwa rimu ya matundu matano, ukipata milimita 67 hiyo ni 114.3, na ukipata 59 hiyo ni 100. Muuzaji akikuambia kwamba itaingia ukiilazimisha, mrudishie rimu yake kwa adabu.

Kitu cha pili ni namba inayotanguliwa na herufi ET, ambayo ni umbali wa milimita kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wake unaokaa kwenye habu. Rimu yangu ya asili ina upana wa inchi 7 na ET50, na hii mpya ina upana huo huo na ET43, kwa hiyo gurudumu limetoka nje kwa milimita 7. Kiasi hicho hakigusi madigadi. Namba ikishuka sana, tairi hukwaruza gari ikijaa abiria na beringi za habu hubebeshwa mzigo zisioutarajia. Ikipanda sana, rimu hugonga kalipa, yaani kile kifaa kinachobana diski ya breki, au shokamzoba. Kitu cha tatu ni tundu la katikati. Habu ya gari hii ni milimita 60.1, na rimu za kununua kando mara nyingi huwa na tundu la 73, kwa hiyo pengo hilo huzibwa kwa pete. Pete za aluminiamu ni imara, lakini katika hewa yetu ya chumvi hung'ang'ania habu hata ukahitaji nyundo, hivyo mimi hutumia za plastiki kwa gari ya barabarani.

Suala la uimara ndilo ninalotaka tukae nalo zaidi, kwa sababu wepesi unaweza kupatikana kwa njia ya halali au kwa kuiba chuma mahali kinapohitajika. Rimu za kawaida za aluminiamu humiminwa kwenye kalibu. Nyengine humiminwa kisha pipa lake, yaani ile sehemu inayobeba tairi, likapashwa moto na kukandamizwa kwa magurudumu ya mashine linapozunguka, na hivyo likawa jembamba na gumu zaidi. Zilizo bora kabisa hufuliwa kutoka kwenye kipande kizima cha aluminiamu kwa mkandamizo mkubwa, nazo ni ghali. Ile ya kati inatosha kwa matumizi yetu. Za magnesiamu ni nyepesi mno, lakini kwa kisiwa ambacho hata msumari wa dirishani huota kutu, mimi sizipendekezi.

Tafuteni alama ya JWL, ambayo ni kiwango cha Japani cha rimu za gari ndogo, na pembeni yake alama ya VIA, inayoonyesha kwamba rimu imepita majaribio nje ya kiwanda chake. Kiwango hicho hujaribu rimu kwa kupindwa inapozunguka, kwa kuzungushwa chini ya mzigo na kwa kupigwa kwa nguvu. Kisha someni uzito inaoruhusiwa kubeba: chukueni uzito wa ekseli iliyo nzito zaidi gari ikiwa imejaa, mgawe kwa mbili, na rimu isiwe chini ya hapo.

Kwa rimu zilizotumika, na nyingi zinazoshuka bandarini ni hizo, msinunue kabla ya kuziona zikizunguka kwenye mashine ya balansi, ile ya kusawazisha magurudumu. Mimi niliwahi kununua seti iliyopakwa rangi mpya ya fedha ikang'ara kama sahani ya harusini. Nyumbani nilipoikwangua rangi kwa ukucha nyuma ya mkono mmoja wa rimu, yaani spoki yake, ilibanduka ikaacha mstari mwembamba kama unywele, na chini yake palikuwa na welidi. Fedha haikurudi. Tangu siku hiyo hupitisha kitambaa chenye petroli nyuma ya kila mkono na kwenye mdomo wa ndani, mbele ya muuzaji, na anayekataa nisifanye hivyo huwa ameshanijibu.

Haya, tufunge. Gari iko juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake. Ninasugua habu kwa brashi ya waya mpaka uso wake uwe safi, halafu ninapaka grisi nyembamba sana pale kwenye mdomo wa habu tu, kamwe si kwenye boliti. Ninaiweka rimu bila tairi na kuizungusha kwa mkono: kati ya mikono yake na kalipa panatakiwa pabaki angalau milimita 3, na mkumbuke kwamba risasi za balansi zinazobandikwa ndani nazo zina unene wake. Ikipita hapo, ndipo ninaivisha tairi na kuirudisha kwenye habu.

Angalieni nati. Baadhi ya rimu za asili za Toyota hutumia nati zenye washa bapa, ilhali hii mpya midomo ya matundu yake ya boliti imechongwa kwa umbo la koni, kwa hiyo inahitaji nati za koni zenye uzi wa 12 kwa 1.5, yaani kipenyo cha milimita 12 na milimita 1.5 kati ya uzi na uzi. Nati bapa kwenye mdomo wa koni hugusa ukingo tu, na italegea. Ninazianza zote kwa vidole, ninazikaza kwa kuvuka kama nyota, kisha ninashusha gari na kumalizia kwa spana ya kupimia mkazo kwenye nyutoni mita 103. Spana ya upepo ya kibandani sitaitumia, kwani hiyo huvunja boliti bila kutoa taarifa.

Upepo wa tairi nimeutia kwa kufuata kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango. Kutoka hapa nitakwenda Nungwi, kaskazini ya kisiwa chetu cha Unguja, na kurudi, ambayo ni zaidi ya kilomita 100, na nikisharudi nitazingoja rimu zipoe kisha nizikaze nati upya kwa spana ile ile, halafu nizimwagie maji baridi ya bomba kuondoa chumvi ya njiani, ndani na nje.