Njia ya mtandao wako imebaki na nafasi kiasi gani? Tupime

Habari zenu watazamaji. Leo nipo Shangani, Mtwara, steshenari kwa kaka mmoja anayelalamika: kalipia megabiti 20 kwa sekunde, ila fomu ya mteja inagoma kupanda.

Kabla ya kugusa kitu, elewa hili. Barabara ya bandarini haipungui upana msimu wa korosho. Malori yakijipanga, bajaji yako ndiyo inakosa pa kupita. Ukiwa na njia ya megabiti 20 na wenzako wanatumia 15, umebakiwa na 5. Hizo 5 ndizo tunazozitafuta.

Zima Wi-Fi ya laptopu, ichomeke kwenye ruta kwa kebo. Tunaanza na mtandao wa ndani, kwa iperf3, programu ya kupima kasi kati ya kompyuta mbili. Kompyuta ya pili andika iperf3 -s, iache isubiri. Kwenye laptopu andika iperf3 -c, ukifuatisha anwani ya ile ya pili. Subiri sekunde 10.

Mnaona? Megabiti 94 kwa sekunde. Namba hii iliwahi kunitesa nusu siku kwa mteja mmoja, ruta ya gigabiti kabisa, nikamlaumu kila mtu. Kumbe kebo! Gigabiti inataka nyaya zote 8. Ukiona 94 au karibu yake, jua kebo imewashusha hadi njia ya megabiti 100. Hapa haitudhuru, njia yetu ya nje ni 20 tu, tusonge.

Sasa nje. Amri ileile, ila weka anwani ya seva yako iliyoko nje, nayo iwe inaendesha iperf3 -s. Hii inapima kupandisha. Ukiongeza -R mwishoni inapima kushusha. Angalia bando: sekunde 10 za megabiti 20 zinakula megabaiti 25.

Ila iperf3 ina ubabe. Inasukuma wengine ipate fungu lake, kwa hiyo haikuonyeshi hasa kilichobaki. Pathload, programu nyingine ya kupima, ina adabu zaidi: inatuma misururu mifupi ya pakiti, yaani vipande vya data, kasi ikipanda na kushuka. Kila pakiti ikizidi kuchelewa kuliko iliyotangulia, foleni imeanza, umevuka nafasi iliyopo. Lazima uiweke pande zote mbili, na kwenye mtandao wa simu majibu yake hurukaruka.

Kupandisha tumepata megabiti 1.3. Nikauliza nani mwingine yuko kwenye Wi-Fi. Dada wa kaunta akacheka: simu yake inahifadhi video za harusi mtandaoni, tangu asubuhi. Kasitisha, tumepima tena: 9. Fomu hiyo, imepanda.