Biodizeli Iliyochacha, na Kipindi Kilicholiwa na Korosho

SOMOE: Karibuni tena. Leo tuna mambo matano, na kaka Chande ameahidi neno korosho halitamtoka mdomoni.

CHANDE: Nimeahidi kujitahidi tu, dada.

SOMOE: Jumanne nilikuwa Nanyamba, kwenye mashine ya kusaga inayozimika kila ikipewa mzigo. Tukafungua filta: ulimbo wa kahawia, unanata vidoleni, unanuka rangi ya mafuta. Biodizeli ya alizeti, yaani mafuta ya alizeti yaliyogeuzwa yaendeshe injini ya dizeli, imekaa miezi kwenye pipa lililojaa nusu.

CHANDE: Nusu nyingine hewa! Na koki?

SOMOE: Ya shaba.

CHANDE: Basi pipa lilikuwa linapikwa. Mafuta ya alizeti yana asidi nyingi ya linoleiki, na oksijeni inaanza kushambulia hapo. Inatokea peroksidi, halafu asidi, mwisho ulimbo. Shaba inaharakisha yote. Weka kwenye plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu, jaza hadi juu, funga.

SOMOE: Na utie dawa ya kuzuia kuchacha mapema, siku ile ile mafuta yakishaoshwa na kukaushwa. Yakishachacha, dawa hairudishi kitu.

CHANDE: Wape vipimo.

SOMOE: Pipa la lita 200 lina kama kilo 176 za biodizeli. Ukitaka gramu moja kwa kila kilo, yaani sehemu 1,000 kwa milioni, unapima gramu 176 za BHT, unga wa dawa hiyo ya kuzuia kuchacha. Kwa mizani, si kwa kijiko. Chota lita tano za biodizeli hiyo hiyo, pasha hadi nyuzi 50 au 60, koroga mpaka chembe zote ziyeyuke, ndipo umimine kwenye pipa na kukoroga tena. Ukitupia unga mkavu juu ya pipa, unazama chini na kukaa huko.

CHANDE: Mbona BHT? TBHQ, dawa nyingine ya aina hiyo, mara nyingi ina nguvu zaidi kwenye biodizeli tupu.

SOMOE: BHT inayeyuka kirahisi. Pirogaloli, dawa ya tatu, nayo ni kali, lakini inapenda maji; pipa likiwa na maji chini, dawa inahamia huko.

CHANDE: Na zote hizo zinaagizwa nje. Huku Mtwara tumekaa juu ya...

SOMOE: Kaka!

CHANDE: ...maganda. Sijataja jina! Mafuta ya maganda yana fenoli, kemikali za jamii inayozuia kuchacha, na BHT ni fenoli vilevile. Watafiti wameshajaribu kadanoli, fenoli inayotokana na maganda hayo, kwenye biodizeli, na inachelewesha kuchacha.

SOMOE: Kadanoli iliyosafishwa. Wewe unazungumzia yale meusi yanayobabua mikono ya wabanguaji. Zaidi ya nusu yake ni asidi ya anakadi. Kiwango cha asidi cha biodizeli, kikipimwa kwa miligramu za alkali ya KOH kwa kila gramu ya mafuta, hakitakiwi kuvuka 0.5.

CHANDE: Piga hesabu basi. Gramu moja kwa kilo inaongeza kama 0.1 tu. Na ukiyapasha karibu nyuzi 180 au 200, asidi inaachia kaboni dioksidi na kugeuka kadanoli.

SOMOE: Ikiwa biodizeli yako ilishafika 0.45, hiyo 0.1 inakutoa nje. Tena mafuta hayo yanatumika kutengeneza vanishi na vitambaa vya breki kwa nini? Kwa sababu yakipata joto yanashikamana na kuwa magumu. Ncha ya nozeli, pale mafuta yanaponyunyiziwa ndani ya injini, ina joto kiasi gani?

CHANDE: Gramu moja kwenye kilo nzima haiwezi kufunga nozeli.

SOMOE: Leo. Na baada ya saa 500 za kazi?

CHANDE: Ikisafishwa kwa kugeuzwa mvuke kwenye ombwe, mahali palipoondolewa hewa...

SOMOE: Nani ana mtambo huo Nanyamba?

CHANDE: Nani ana BHT Nanyamba?

SOMOE: Inaagizwa, inakuja na cheti cha usafi. Dumu lako jeusi lina cheti gani?

CHANDE: Tupime wenyewe! Mashine ya kupima inapuliza hewa kwenye mafuta yenye nyuzi 110. Ulaya wanataka yavumilie saa 8, kiwango cha Marekani saa 3. Weka sampuli mbili, BHT na maganda.

SOMOE: Kipimo hicho kinaonyesha kuchacha, hakionyeshi masizi kwenye nozeli. Mimi mafuta ya maganda siyaweki kwenye injini ya mteja.

CHANDE: Na mimi sikubali mlima wa maganda uendelee kuchomwa moto huku tunaagiza unga wa mbali.

SOMOE: Jamani, dakika mbili zimebaki na tuko jambo la kwanza.

CHANDE: Moshi bado! Oksidi za naitrojeni zinapungua ukitia dawa, lakini kaboni monoksidi...

SOMOE: Inaweza kupanda kidogo. Nazi hatukuigusa, nayo ndiyo haichachi upesi. Kuchanganya na dizeli ya kawaida, hatukugusa. Mipira ya kupitishia mafuta, wala.

CHANDE: Wiki ijayo basi.

SOMOE: Wiki ijayo ni pampu za umwagiliaji.

CHANDE: Za mashamba ya korosho?

SOMOE: Zima maikrofoni yake, tafadhali.