Kabla ya Kuongeza Dozi, Ulizeni Usiku Ulikuwaje
Mhadhara kwa wazazi, matroni na vijana wenye kisukari, Arua, Uganda

Asalaam aleikum, na Bwana asifiwe. Hamjambo wazee, akina mama, walimu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango kama watu wenye basi la kuwahi.

Niliombwa nizungumzie chakula. Chakula mmeshakisikia mpaka mmechoka: posho kiasi gani, muhogo kiasi gani, soda marufuku. Mimi naomba tuzungumze juu ya usingizi. Kijana akija kliniki ya sukari asubuhi na kipimo cha 15 (mmol/L, yaani sukari imepanda mno), wote tunamuuliza alikula nini. Alilalaje, hakuna anayeuliza. Dozi inaongezwa, anarudi bwenini, na mwezi unaofuata yuko palepale, au ameletwa amezimia.

Hawa ninaowasema wana kisukari cha aina ya kwanza. Kongosho lao halitoi insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu, kwa hiyo wanajidunga kila siku. Hawakuupata kwa kulamba sukari, na shangazi mwenye maneno hayo awaache watoto wapumue.

Tumfuate mmoja kwa usiku mmoja. Saa kumi na moja jioni kacheza mpira. Saa moja kajidunga insulini ya mchanganyiko, ile nyeupe kama maziwa, akala posho na maharage, akaenda prepu, yaani kujisomea darasani, akalala saa tano. Ile sehemu ya insulini inayofanya kazi polepole hufika kileleni kama saa 4 hadi 8 baada ya sindano. Pigeni hesabu: ni kati ya saa tano na saa tisa usiku. Na misuli iliyokimbia jioni bado inavuta sukari kutoka kwenye damu usiku huohuo. Mambo mawili yamekutana, na chakula cha jioni kimeshakwisha tumboni. Sukari inashuka chini ya 4, pengine chini ya 3.

Angekuwa macho angetetemeka, angetafuta kitu kitamu. Usingizini mwili hautoi adrenalini ya kutosha kumwamsha. Anaota ndoto za kutisha, anaweweseka, shuka linalowa jasho, asubuhi kichwa kinamgonga na mwalimu anamwita mvivu. Anayelala kitanda cha juu yake anayajua haya kuliko mama mzazi. Huyo mwenzake afundishwe dalili, na aruhusiwe kumwamsha matroni bila kugombezwa.

Sukari ikipanda nayo hailazi mtu. Ikipita 10 hivi, figo zinaanza kuimwaga kwenye mkojo, na inaondoka na maji. Anaamka kukojoa, anarudi na kiu, anakunywa, anaamka tena. Choo kiko ng'ambo ya uwanja na tochi haina betri. Walimu, mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akianza upya, huku anakonda na kunywa maji bila kutosheka, wekeni kiboko chini. Apimwe sukari siku hiyohiyo.

Sasa jambo ambalo wengi hawalitarajii: kukosa usingizi kwenyewe kunaifanya insulini ishindwe kazi. Mwaka 2010 watafiti wa Leiden, Uholanzi, waliwaachia watu 7 wenye aina ya kwanza walale kwa muda wa saa 4 tu. Usiku mmoja! Kesho yake insulini ilifanya kazi hafifu kuliko walipokuwa wamelala vizuri. Watu 7 ni wachache, lakini kwa watu wasio na kisukari pia matokeo ya namna hiyo yameonekana.

Kwa kijana anayebalehe mzigo unazidi. Homoni ya ukuaji, ambayo hutoka kwa wingi akiwa usingizini, inapingana na insulini, ndiyo maana sukari yake inaweza kupanda alfajiri hata kama hakula kitu. Na usingizi wenyewe unamjia kwa kuchelewa. Ni mwili unaobadilika, ingawa simu nazo zinachangia. Anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Shule ngapi za bweni hapa zinagonga kengele ya prepu saa kumi alfajiri? Aliyelala saa tano usiku amepata saa 5. Kwangu mimi prepu hiyo haimfaidii mtoto yeyote, na huyu inamuumiza. Najua walimu wakuu watanuna. Wanune.

Kwa hiyo ile 15 ya asubuhi yaweza kuwa ni usingizi mbovu, au homoni za alfajiri, au insulini ya jioni imeisha nguvu, au sukari ilimshuka usiku akala mkate mzima kwa njaa. Ukimwongezea dozi ya jioni yule anayeshuka saa nane usiku, unamtafutia kifo.

Utajuaje? Stripu, vile vibanzi vya kupimia sukari, ni ghali, sitawaambia mpime kila saa. Chagueni usiku mbili au tatu kabla ya siku ya kliniki: pimeni anapolala, saa tisa usiku, na anapoamka. Fanyeni hivyo pia baada ya siku ya michezo, na akitibiwa malaria kwa kwinini, maana dawa hiyo nayo hushusha sukari. Si kila usiku. Kuamshwa kila siku nako ni kunyimwa usingizi. Na vijana, andikeni namba za kweli. Daftari la miezi miwili lililoandikwa kwa kalamu moja, wino mmoja, hakuna iliyozidi 8? Tunalijua hilo. Daftari la kweli lina madoa ya damu na chai.

Sukari ikimshuka na bado anaweza kumeza: vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Hapo soda ni dawa. Subirini dakika 15, pimeni tena, kisha ale kitu. Akizimia msimmiminie chochote mdomoni. Mlazeni ubavu, tafuteni gari. Na hiyo sukari ikae chumbani kwa matroni. Nimeona shule ambako iko stoo, stoo ina kufuli, na ufunguo analala nao bursa, mtunza fedha wa shule, mjini.

Maswali sasa. Mama wa kitenge cha kijani, mkono wako uko juu tangu nilipotaja prepu. Wenye vimashine vya kupimia sukari vilivyogoma, vileteni mezani huku tukiendelea.