Jangwa la Dola Moja

CHEBET: Karibuni tena, tuko Nakuru, na kama mnasikia ngurumo, hiyo ni mvua juu ya mabati. Otieno, juzi ulisema jangwa ni ardhi ya bure.

OTIENO: Nilisema. Mahali hapaoti hata mchicha, gharama inatoka wapi?

CHEBET: Twende California. Tarehe 31 Oktoba 1994 Bill Clinton alitia sahihi sheria ya kulinda majangwa. Death Valley na Joshua Tree zikawa mbuga za taifa, na jangwa la Mojave likapata hifadhi mpya ya ekari kama milioni 1.6.

OTIENO: Mbuga yetu ya Ziwa Nakuru ni kilomita 188 za mraba, maji na yote. Hiyo Mojave inaimeza mara 30 na zaidi!

CHEBET: Sasa sikia bajeti. Mbunge wa huko huko, Jerry Lewis, hakuitaka hifadhi hiyo. Mwaka uliofuata akapigania idara ya mbuga ipewe dola 1 ya kuiendesha.

OTIENO: Wacha! Dola moja haikufikishi Naivasha kwa matatu.

CHEBET: Ndiyo maana nacheka. Lakini bili zenyewe zilikuwa za kweli. Ndani ya mipaka mlikuwa na viwanja vya watu na vya kampuni ya reli, vimepishana na vya serikali kama ubao wa drafti. Mlikuwa na machimbo ya kale, na wafugaji wenye vibali vya malisho. Kobe wa jangwani alikuwa ameorodheshwa tangu 1990 kuwa hatarini, na ng'ombe walikula majani yale yale. Ukitaka mtu aondoke bila kesi, unamnunua: kiwanja chake au kibali chake.

OTIENO: Na wakishaondoka, pesa zinaisha kutoka?

CHEBET: Thubutu. Agosti 2023 mvua ya kimbunga Hilary ilisomba barabara za Death Valley, mbuga ikafungwa karibu miezi miwili. Jangwani, ndugu yangu, mafuriko!

OTIENO: Hapo wamefanana na sisi, ziwa lilipopanda likameza lango. Lakini wao walinunua watu. Sisi tuliweka fensi ya stima, tukadhani tumemaliza.

CHEBET: Na sheria yetu ya 2013? Mtu akiuawa na mnyama, familia ilipwe shilingi milioni 5.

OTIENO: Kwenye karatasi. Shangazi yangu ana shamba karibu na fensi. Nyati walipita usiku, mahindi yakalala chini yote. Alijaza fomu, akapiga picha za nyayo, akarudi ofisini mara tatu. Mtalii akilipa langoni anaona swala na vifaru. Shangazi hana tiketi, ila gharama anayo.

CHEBET: Siku hizi amepanda nini?

OTIENO: Pilipili. Anasema hata nyati ana ulimi.