Mwaka huu tutachukua kombe? Jibu langu, kisha mniache nipumzike

Jambo yenu bandugu. Leo hakuna muziki wa kuanzia wala taa nzuri. Niko kwenye chumba cha kuwekea mipira nyuma ya ukumbi wa michezo, maana ndipo mahali pekee ambapo naweza kuongea Kiswahili peke yangu bila mtu kudhani nimerukwa na akili. Huku ni saa tatu usiku. Kwenu Bukavu ni saa kumi alfajiri, kwa hiyo mama, kama unaiona hii mapema, rudi ulale.

Nimewasha simu kwa sababu ya swali moja. Tangu niweke ile picha mwezi wa sita, nimevaa fulana yenye jina la chuo changu cha huku Marekani na mpira wa volei mkononi, sijapata amani. "Yaya, mwaka huu mnachukua kombe?" "Mukubwa, timu iko sawa?" "Wanakulipa ngapi kwa mechi?" Kuna mmoja wa mtaa wetu kule Bukavu, tulikaa naye dawati moja, ameandika: "Ukishakuwa star usitusahau sisi wa Kadutu." Ndugu yangu, hata kukusahau sijapata muda.

Na najua mtego wenyewe. Nikisema timu yetu ni nzuri, mtasema kijana ameanza majivuno, Marekani imempanda kichwani. Nikisema mambo ni magumu, mtasema analialia ili asiombwe franga. Basi nitasema ilivyo, kila mtu achukue anachotaka.

Kwanza, timu ni ya wasichana. Ndiyo, rudieni kusikiliza. Chuo chetu hakina timu ya volei ya wanaume, vyuo vingi huku havina. Mimi ni mchezaji wa mazoezi. Wanachukua wavulana wawili watatu, wanatuweka upande wa pili wa wavu, tunajifanya timu pinzani. Kazi yangu mimi ni kuwa adui. Msimu ukianza, kocha ananipa video ya mshambuliaji wa chuo tunachokutana nacho Ijumaa, ananiambia: huyu anapiga kwa mkono wa kushoto, anapenda kona ndefu, akichoka anadokoa. Basi wiki nzima mimi ndiye yeye. Ijumaa yenyewe ikifika nakaa jukwaani na popkoni, maana kwenye mechi siruhusiwi hata kugusa mpira wa kwanza.

Halafu kabla hamjacheka: ndiyo, wavu ni wa wanawake, mita 2.24. Wa wanaume ni 2.43. Najua hizo sentimita 19 mtazifanyia wimbo huko Nyawera. Chekeni. Lakini simameni mbele ya wale wasichana wakipiga smashi, halafu mje tuongee. Mwaka jana nilipigwa moja ya kidevuni nikasikia kengele za kanisa.

Malipo ni sifuri. Fulana mbili, kaptula moja, na maji ya kunywa. Fulana ya kwenye picha ndiyo hiyo, ya mazoezi, si jezi.

Na hata kuwa adui wa bure kuna makaratasi. Lazima uwe umeandikishwa masomo kamili, kredi 12 kwa muhula, jambo ambalo viza yangu inalidai hata hivyo. Lazima daktari akupime moyo, mgongo, macho. Halafu nesi akaniambia tunahitaji kipimo cha seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Nikamtazama. Nikamuuliza, nani anaoa hapa? Maana kwetu, ukisikia electrophorèse, kipimo chenyewe hicho, ujue wazazi wa pande mbili wamekaa, bia imefunguliwa, wanataka kujua kama mtoto ni AA, yaani hana kabisa, au AS, yaani ameibeba bila kuugua, kabla ya kuhesabu mbuzi. Huku wanakupima ili usije ukaanguka ukikimbia kwenye joto, maana hata mwenye AS mwili unaweza kumgeuka akisukumwa kupita kiasi. Nilikuwa na karatasi yangu ya Bukavu, nimeibeba kutoka nyumbani, imeandikwa kwa Kifaransa, ina muhuri na sahihi. Hawakuitaka. Nikatolewa damu upya.

Hilo linanikumbusha kitu ambacho bado kinaniuma, niruhusuni kidogo. Examen d'État, mtihani wetu wa taifa wa kumaliza sekondari, nilipata asilimia 64. Mnajua maana yake. Mtaa mzima ulitoka, nikamwagiwa unga kichwani mpaka kwenye masikio, mama mkubwa akachinja. Nikaja na hiyo 64 yangu kwenye ofisi moja huku, yule mama akaangalia, akainamisha kichwa kwa huruma, akaniuliza kama nilikuwa mgonjwa siku ya mtihani. Kwao 64 ni mtu aliyeponea chupuchupu. Ilibidi nilipie kampuni ya kutafsiri matokeo, dola juu ya dola, ili mtu asiyewahi kuona shule ya Kongo athibitishe kwamba kwetu hamsini ndiyo kupita na 64 ni unga kichwani. Na mwezi wa sita 2025, Rais wao alipofungia watu wa nchi kumi na mbili wasiingie Marekani, ofisi nyingine ikaniandikia barua ya kunipa pole na kunishauri nisisafiri. Nikawajibu: iliyofungiwa ni Kongo ya Brazzaville. Mimi ni wa ile nyingine, kubwa. Wakajibu "aksanti kwa ufafanuzi", bila hata kuomba radhi. Sawa.

Turudi kwenye volei.

Mnaouliza kuhusu wadada zenu, kama wanaweza kuja kucheza huku bure: sikilizeni vizuri, halafu mjue hii ni ya kwangu na ya chuo changu, kwingine kunaweza kuwa tofauti. Tuko Divisheni ya Pili, yaani ngazi ya pili ya michezo ya vyuo huku. Huko timu ya volei ya wanawake inaruhusiwa fedha za ufadhili sawa na nafasi nane kamili. Nane. Sisi tuna wasichana kumi na saba. Kwa hiyo kocha anazikata zile nane kama mama anavyokata mkate siku wageni wamezidi: huyu nusu, huyu robo, huyu vitabu tu. Yule mshambuliaji wetu mkubwa, ambaye mkimwona mtadhani ana gari la chuo, anauza kahawa asubuhi. Na mimi, ambaye sina hata robo, naosha sinia za chakula kwenye mesi, saa 20 kwa wiki, ndizo viza inaniruhusu masomo yakiwa yanaendelea, na ndani ya chuo tu. Saa ya ishirini na moja ni kosa.

Na kabla ya hapo kuna za kuingilia. Mimi niliomba mwaka 2023: dola 350 za SEVIS, ule mfumo wao wa kusajili wanafunzi wa kigeni, dola 185 za viza, na ubalozi uko Kinshasa, si Bukavu, kwa hiyo ndege kutoka Kavumu, uwanja wetu wa ndege, kwenda na kurudi, na kulala kwa mjomba kule mtaa wa Lemba, ambaye hadi leo ananikumbusha nilikula mayai mangapi. Hizo hazirudi hata wakikunyima. Na mwaka 2025 Kavumu yenyewe ilisimama kuruka. Mtu akikuambia "nipe mia tano nikupatie skolashipu ya volei", mwambie akupatie kwanza ya kwake.

Haya, timu. Hii ndiyo ninayoijua, kwa sababu mimi ndiye ninayewapiga kila siku.

Makocha wa ligi yetu wamepiga kura ya kabla ya msimu, kila mmoja anapanga timu za wenzake, wametupa nafasi ya sita kati ya kumi na moja. Mlipoiona mkaanza kunitumia pole. Hiyo kura ni maoni tu, watu wameangalia nani amebaki na nani ameondoka. Na sisi aliyeondoka ni pasere, yule anayewainulia washambuliaji mpira. Miaka minne alikuwa yeye. Mnajua timu ikibadilisha pasere ni kama nyumba iliyobadilisha mpishi. Mihogo ni ileile, sombe ni ileile, lakini watu wanatazamana mezani.

Pasere mpya ametoka chuo cha miaka miwili huko Texas. Ana haraka, anaona uwanja. Ila mikono yake ina kelele. Mpira unatoka umezunguka, unaona kabisa umegusa mkono huu halafu huu. Pale Kadutu, kwenye uwanja wetu wa mistari ya majivu na wavu ulioshonwa kwa nyavu za kuvulia samaki wa sambaza, Papa Kocha angepuliza filimbi mpaka imezwe. Lakini huku tangu 2024 wamebadili sheria ya vyuo vya wanawake: mguso wa pili ukigonga mara mbili, mradi mpira unabaki upande wenu, mwamuzi anaacha. Kwa hiyo yule binti amefika wakati mzuri. Mwaka 2023 angetugharimu pointi tatu kila seti.

Kuna mzee mmoja kwenye maoni, simtaji, ni mwalimu wa wengi wetu, amekasirika kwamba kwenye klipu niliyoweka kocha alibadilisha wachezaji zaidi ya mara sita kwenye seti moja, akasema nimewaletea mchezo wa uongo. Mzee, kwa heshima zote: sita ni za kimataifa. Vyuo vya huku ni 15 kwa seti. Ndiyo maana mtu anaingia kupiga sevisi moja anatoka. Hata mimi sikupenda mwanzoni. Naona inampa nafasi kila mtu kujificha.

Katikati ndiko kuna hofu yangu. Namba 11 alikatika kano la goti mwaka jana, amepasuliwa, amerudi, anaruka, lakini akitua anatua kwa mguu mmoja kama mtu anayeogopa tope. Kwa hiyo kontre yetu, ukuta wa mikono juu ya wavu, inachelewa mpira wa haraka wa katikati. Najua kwa sababu napita hapo. Nikiruka mapema, mikono yake bado iko njiani, na mimi si mtu wa kuruka sana, mnanijua. Kama mimi napita, timu mbili za juu kwenye ligi zitapita na baiskeli.

Zuri letu ni sevisi, na libero, yule mlinzi wa nyuma asiyeshambulia. Mwaka huu tuna malibero wawili, sheria inaruhusu tangu hiyohiyo 2024. Mmoja anapokea sevisi, mwingine anaingia kulinda tukipiga sisi. Wale wawili wanaanguka chini mpaka unawaonea huruma magoti. Nimeona mmoja akifukuza mpira mpaka chini ya viti vya mbao, akarudi na utando wa buibui kichwani, pointi ikaendelea.

Na mniache na ile video ya Nebraska. Wote mmenitumia. Watu 92,003 kwenye uwanja wa mpira wa miguu wa Kimarekani, tarehe 30 Agosti 2023, wamekuja kutazama volei ya wasichana. Ni kweli ilitokea. Lakini hiyo ni Divisheni ya Kwanza, na Nebraska ni Nebraska. Ukumbi wetu, tukijaza wazazi, wachumba na mbwa mmoja ambaye huja na mwenyewe, tunafurahi. Safari ya kwanza ni basi, mwendo wa saa tisa. Mimi sina nafasi kwenye hilo basi.

Kombe, basi. La taifa kwa Divisheni ya Pili wanaingia timu 64, kanda nane, nane kila kanda. Kuingia, uwe bingwa wa ligi yako au uwe umepangwa juu kwenye kanda. Bingwa wa ligi hatutakuwa. Mnataka niseme, nimesema. Nafasi ya nne, kama goti la namba 11 litakubali kutua sawa kufikia mwezi wa kumi. Lisipokubali, makocha walikuwa na haki, sita. Hii ni macho yangu mimi, mtu wa upande wa pili wa wavu. Msiende kuweka pari halafu mje kunidai. Banki huko zilifungwa mwezi wa pili 2025, na hata kile kidogo ninachomtumia mama kinapita kwenye simu kikiliwa komisheni kila mlango. Sina cha kuwalipa.

Kitu cha mwisho, mlinzi ameshazima taa za ukumbi, nasikia funguo zake. Namba 4. Msichana wa mwaka wa kwanza, anapokea kushoto, na kila timu itakayotuchunguza itaona huyo ndiye wa kupigiwa sevisi. Kocha ameniambia asubuhi, saa kumi na mbili, kabla ya wengine hawajafika, nimpigie sevisi za kuelea kati yake na libero, pale ambapo kila mmoja anadhani ni wa mwenzake. Ishirini kila siku. Jumatatu aliangusha tisa, akatoka analia, akajifanya ni jasho. Jana saba. Leo saba tena, lakini mbili ziligusa mkono wake kwanza, na mara moja nilimsikia akipiga kelele "yangu!" mpaka njiwa wa darini wakaruka. Zikifika tatu nitawaandikia.